Sifuri mbele ya namba: Ndogo machoni, nzito kwa mtahiniwa

MWANAFUNZI wa kidato cha nne wa Ukerewe, Sengerema au Nyamagana anaweza kufanana jina na wenzake kadhaa, lakini namba yake ya mtihani ni yake peke yake. Ndiyo maana sifuri chache zikidondoka ndani ya kompyuta zinaweza kumfanya asionekane katika orodha, hali karatasi zake zimesahihishwa na matokeo yake yapo.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973, humtambua mtahiniwa wa shule kwa herufi S, tarakimu nne za kituo, kisha tarakimu nne zake mwenyewe. Hivyo mtahiniwa wa saba huandikwa 0007, wala si 7.

Katika hesabu, 7 na 0007 ni kitu kimoja. Kompyuta nayo huona hivyo inapodhani kuwa imepewa kiasi: hutunza thamani na kutupa sifuri. Mwalimu anayeingiza orodha katika lahajedwali huliona jambo hilo mara tu anapohamia kisanduku kingine. Simu za mezani za Mwanza, ambazo huanza na 028, hupatwa na mkasa huohuo na kubaki na 28.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, utafutaji hushindwa. Kurasa za matokeo katika intaneti zimekuwa zikipewa majina yenye namba kamili ya kituo, mfano s0101; programu inayotafuta s101 hairudi na kitu. Pili, mpangilio huvurugika. Namba zikipangwa kama maneno, 10 na 100 hutangulia 2, kwa kuwa kompyuta hulinganisha tarakimu ya kwanza na ya kwanza. Zikiwa na urefu mmoja, yaani 0002, 0010 na 0100, hukaa mahali pake.

Dawa yake ni fupi. Katika lugha ya PHP, Perl au katika amri za Linux, mwandishi wa programu hutumia alama %04d, yenye maana ya “andika namba nzima kwa nafasi nne, na pengo la kushoto lijazwe sifuri.” Katika Python, neno lililo katika mfumo wa maandishi huongezewa zfill(4). Njia zote mbili huifanya 7 kuwa 0007, na 123 kuwa 0123.

Hata hivyo, kuna mitego. PHP ina amri nyingine, str_pad, ambayo isipoelekezwa upande hujaza kulia. Hapo 7 hugeuka 7000, na mtahiniwa wa saba hupewa namba isiyo yake bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Mtego wa pili umo katika amri za Bash. Humo namba inayoanza na sifuri huchukuliwa kuwa imeandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane. Ikiingizwa katika hesabu, 0010 husomwa kuwa 8, na 0008 hukataliwa kabisa, kwani msingi huo hauna tarakimu ya 8 wala 9. Kinga yake ni kutanguliza 10# ili namba isomwe kwa msingi wa kumi.

Aidha, sifuri zilizopotea zinaweza kurejeshwa pale tu urefu kamili unapojulikana. Namba za mtihani zina tarakimu nne, hivyo kazi ni rahisi. Kumbukumbu zenye urefu tofauti hazina tumaini hilo.

Kwa hiyo lililo bora ni kuzuia kuliko kutibu: kabla ya kuingiza orodha, safu ya namba iwekwe katika mfumo wa maandishi, na kabla ya kuituma, ihakikiwe kuwa kila namba ina tarakimu nne. Kipimo chake ni chepesi. Hakuna anayejumlisha namba za watahiniwa wawili ili apate wa tatu. Namba isiyojumlishwa ni jina, na jina halipunguzwi herufi.