Mji Unaojuana: Habari na Burudani Jijini Tanga

Mji wa kadiri ni ule uliokwisha kupata bandari, hospitali ya mkoa, masoko kadhaa na timu mbili za mpira zinazoshindana, lakini ambao bado mkazi wake hawezi kuvuka mitaa mitatu bila kuulizwa hali ya mama yake. Katika mji wa namna hiyo habari na burudani hazikai mbalimbali kama zinavyopangwa katika kurasa za magazeti ya taifa, kwa sababu wanaozitoa na wanaozipokea ni watu wale wale, na kila neno linalosemwa hadharani huwa na mtu ambaye wasikilizaji wanaweza kumtaja kwa jina. Tanga, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2005, ni mfano mzuri wa mji huo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 273,332, na kufikia sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa inakaribia 400,000. Ni hesabu ndogo mbele ya Dar es Salaam, ingawa kwa mji uliozoea kujuana ni ongezeko kubwa kwa muda wa miaka kumi tu.

Sura ya mji ilichorwa na reli na mkonge. Ujenzi wa reli kutoka Tanga kwenda bara ulianza mwaka 1893 chini ya utawala wa Wajerumani, na mwaka huo huo mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ambayo mingi ilikufa safarini, na kwa mujibu wa masimulizi ya zao hilo ikabaki miche 62 tu iliyozaa mashamba yote yaliyofuata. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na katika mji wenyewe ikawa mpaka: upande wa bahari zilijengwa ofisi, maghala na nyumba za wakubwa kuelekea Bombo na Raskazone, na upande wa pili ukapimwa mtaa wa Waafrika wa Ngamiani, ambao barabara zake hadi leo hutajwa kwa namba, kiasi kwamba anayeelekezwa Barabara ya Nne au ya Kumi na Mbili hahitaji maelezo zaidi. Mashamba ya mkonge nayo yalileta manamba, yaani vibarua wa mikataba walioitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa, ambao walitoka Unyamwezi, Kigoma na nchi jirani wakaja kukutana na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju. Watu hao hawakuwa na ukoo mjini wa kuwazika wakifa wala wa kuwachezea ngoma wakioa, kwa hiyo walijiundia vyama, na ni ndani ya vyama hivyo, zaidi ya katika ofisi yoyote, ndimo maisha ya jamii ya Tanga yalimojengeka.

Chama kwa maana hiyo kilikuwa kikundi cha hiari chenye viongozi, ada, sare na, mara nyingi, mpinzani wake. Ngoma ya beni, iliyoiga paredi na vyeo vya majeshi ya Wazungu na kuenea katika miji ya pwani mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na pande mbili zilizojulikana kwa majina ya Marini na Arinoti, na kila upande ulitunga nyimbo za kujisifu na za kumuumbua mwenzake. Watawala waliitazama beni kwa wasiwasi, huku baadhi ya wazee wakiiona kuwa upotevu wa fedha, lakini wote hawakuona kwamba ushindani ule ndio uliokuwa ukiwaunganisha watu wasio na undugu wa damu, kwa kuwa mwanachama aliyefiwa alizikiwa na chama chake na aliyeaibishwa alitetewa nacho.

Habari zilizochapwa pia zina historia ndefu mjini hapo, tena ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani, ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na kuanzia mwaka 1904 ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, ambalo lilidumu hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lilikuwa gazeti la watawala na halikuandika lisilowapendeza, lakini sehemu kubwa ya kurasa zake ilijazwa na barua za walimu, makarani na wasomaji wa kawaida walioeleza mvua, njaa, safari na vifo vya sehemu zao, kwa Kiswahili cha hati za Kirumi ambacho wakati huo kilikuwa bado kinagombania nafasi na hati za Kiarabu. Ni haki kusema kwamba habari za mtaani, kwa maana ya habari ya mahali iliyoandikwa na mtu wa mahali hapo, zilipata moja ya nyumba zake za mwanzo katika mji huu, ule ule ambao mwaka 1909, katika kijiji cha Machui, ulimzaa mshairi Shaaban Robert.

Hata hivyo gazeti halikuwahi kulishinda baraza. Baraza ni benchi la udongo au saruji lililojengwa mbele ya nyumba kwa ajili ya kukalia, na kwa maana pana ni mkusanyiko wa wanaokaa hapo. Kijiwe ni ndugu yake mdogo, mahali pa kukutania penye muuza kahawa mwenye dele lake la shaba na kashata, wacheza bao au drafti, na siku hizi waendesha bodaboda wanaosubiri abiria. Watu wasioyajua mabaraza hudhani kwamba kazi yake ni kueneza uvumi, ilhali kazi yake kubwa zaidi ni kuuchuja. Habari inapoletwa barazani, swali la kwanza ni nani aliyesema, la pili ni kama alikuwapo, na kwa kuwa msemaji wa asili huwa anafahamika, au anafahamika shemeji yake, uongo mkubwa haukai kwa muda mrefu bila mtu kutumwa kwenda kuuliza. Ndivyo ilivyo pia kwa msiba: kipaza sauti cha msikiti hutaja jina la marehemu, jina la baba yake, mtaa wake na sala ambayo baada yake atazikwa, na kabla tangazo halijarudiwa mara ya pili baiskeli zimekwisha kuelekea kwenye nyumba hiyo, kwa sababu mji ni tambarare na baiskeli ndiyo chombo ambacho Tanga imejulikana nacho kwa miaka mingi.

Habari ambazo baraza haliwezi kuzisema, kwa sababu zinahusu aibu ya nyumba, deni, mume wa mtu au kiburi cha jirani, zilipata njia yake katika taarabu, na hapo ndipo mchango wa Tanga katika sanaa ya Waswahili ulipokuwa mkubwa kuliko wote. Taarabu ni uimbaji wa mashairi ya Kiswahili unaosindikizwa na ala, na hadi katikati ya karne ya 20 mfano wake ulikuwa Zanzibar, ambako vikundi vikubwa vilipiga fidla nyingi, udi, kanuni na nai kwa namna iliyofuata muziki wa Misri, huku wasikilizaji wakikaa kimya kwa adabu. Kundi la Black Star Musical Club la Tanga, pamoja na Lucky Star lililozaliwa kutokana na mgawanyiko wake, yalibadilisha mambo hayo katika miaka ya 1960 na 1970. Yalipunguza idadi ya wapigaji, yakaweka gitaa la umeme na besi mahali pa sehemu kubwa ya ala za nyuzi, yakachukua midundo ya ngoma za pwani na ya dansi, na yakaimba kwa maneno ambayo mwanamke wa Ngamiani aliweza kuyashika kwa kuyasikia mara moja. Shakila Said, aliyefariki dunia mwaka 2016, aliimbia makundi yote mawili, na sauti yake nyororo, ikipita katika Redio Tanzania, iliufikisha mtindo huo mbali na Tanga, huku wanamuziki wa Mombasa nao wakiufuata.

Nguvu ya taarabu hiyo haikuwa katika gitaa peke yake, ilikuwa katika fumbo. Fumbo ni usemi unaotaja kitu kimoja na kukusudia kingine, na wimbo wa taarabu ulitungwa ili maneno yake yaweze kumfaa mtu yeyote, kisha ukaachiwa hadhira iwatafute wahusika. Hilo lilifanyika kwa kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji fedha wakati anapoimba. Mwanamke aliyeinuka na noti yake akacheza taratibu kuelekea jukwaani hakuwa akimsifu mwimbaji tu. Aliyachagua maneno ya ubeti ule yawe yake, na mahali aliposimama, upande aliotazama na mkono alioelekeza vilimwambia kila aliyejua mambo ya mtaa kwamba ujumbe umetumwa kwa nani. Aliyetumiwa naye angeweza kukaa kimya, na kwa kukaa kimya akakubali, au akangoja ubeti ulio bora kwake akainuka na noti kubwa zaidi. Hakuna tusi lililotamkwa, hakuna aliyeweza kushitakiwa, na mwimbaji alikuwa safi kabisa, ingawa kufikia kesho yake asubuhi mji mzima ulikuwa na habari.

Ni utaratibu unaostahili heshima kuliko ulivyopewa, kwa sababu uliwapa wanawake, ambao hawakuwa na nafasi katika baraza la wanaume, uwanja wa kusema na kujibu mbele ya mashahidi kwa lugha iliyopimwa. Mipasho ya miaka ya baadaye, ambayo ni nyimbo za kumsema mtu waziwazi, ilikuzwa zaidi na vikundi vya Dar es Salaam, na pengine haikuwa bahati tu kwamba ilistawi katika jiji kubwa zaidi: fumbo huhitaji wasikilizaji wanaojuana, na wasipojuana mwimbaji hulazimika kusema kila kitu.

Wakati taarabu ikishamiri, vijana wa Tanga walikuwa na bendi zao za dansi, hasa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na Amboni Jazz. Majina hayo yanaonyesha jinsi mji ulivyoundika, kwani Jamhuri Jazz ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, likiwa ni kumbukumbu ya wahamiaji wa bara, na Amboni ni jina la eneo la mashamba ya mkonge na mapango ya chokaa kaskazini mwa mji.

Mpira wa miguu uliurithi moyo wa beni kwa uaminifu mkubwa zaidi. African Sports, maarufu kama Wana Kimanumanu, na Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuitwa Wagosi wa Kaya, ambayo kwa lugha za Wabondei na Wasambaa ni kama kusema wanaume wa nyumbani, zimegawana mji kwa namna ambayo mtu huzaliwa ndani ya timu kabla hajaichagua. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na wenye umri wa kukumbuka bado huyapima matukio ya familia zao kwa mwaka huo. Pigo lilikuja katika msimu wa 2015/2016, ambapo mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu katika ligi kuu, yaani hizo mbili pamoja na Mgambo JKT, na zote tatu zikashuka daraja kwa mkupuo. Coastal Union ilirejea miaka miwili baadaye, na ikamaliza msimu wa 2023/2024 katika nafasi ya nne, iliyoipa tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi hauna tofauti kubwa na ukumbi wa taarabu: nyimbo hutungwa papo hapo, na jirani husemwa bila kutajwa.

Uchumi uliolea burudani hizo ulidhoofika vibaya. Tanganyika iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge ilivuna takriban tani 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, na usimamizi wa mashamba baada ya kutaifishwa ukashindwa kuhimili pigo hilo, hata uzalishaji ukaporomoka hadi sehemu ndogo ya kiasi hicho. Sasa mji unabadilika tena. Bandari, ambayo kwa miaka mingi ilipakua meli zikiwa zimetia nanga mbali na gati, shehena ikiletwa kwa matishari yaliyovutwa na boti, imechimbwa kina na kujengewa gati la meta 450, na Chongoleani, rasi iliyo ndani ya mipaka ya jiji, imechaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda.

Pamoja na kazi huja wageni, na pamoja na wageni huja njia nyingine za kupashana habari. Redio za mjini, kama Mwambao FM, hutangaza bei za samaki, ajali na mikutano ya mitaa, na makundi ya simu husambaza picha ya tukio kabla baraza halijauliza nani aliyelishuhudia, jambo ambalo lina hasara yake, kwa kuwa picha haina shemeji wa kuulizwa. Vibanda umiza, vyumba vidogo vya kutazamia mpira kwa kiingilio, hujaa vijana wanaoshabikia timu za Uingereza, na ngoma ya baikoko, iliyotoka katika shughuli za wanawake wa pwani ya Tanga, imepelekwa barabarani mbele ya watoto na kuzua malalamiko ambayo, kwa kweli, yana msingi.

Makundi makubwa ya taarabu ya Tanga hayapo tena majukwaani, na katika harusi nyingi za Ngamiani, Makorora na Chumbageni nyimbo hutoka katika spika za kukodi. Hata hivyo, wimbo wa zamani unapofika kwenye ubeti fulani, wanawake huinuka na noti zao, na kwa kuwa hakuna mwimbaji wa kumpa, humtunza bibi harusi, au humtunza mama yake, au hutunzana wenyewe kwa wenyewe huku mmoja akitazama upande ambao hakuna aliyeuelekeza kwa kidole, na waliokaa upande huo wanajua kwa nini.