Kwa nini viwanda vya mashine za migodini hupunguza watu kwa mkupuo

Tuseme mgodi una vijiko kumi vya umeme, yale madude yanayochota hadi tani 100 za mwamba kwa mara moja. Kila mwaka kimoja huchakaa, hununuliwa kipya. Bei ya makaa ya mawe ikishuka na uchimbaji ukapungua kwa asilimia 10, vijiko tisa vinatosha. Mwaka huo hakinunuliwi hata kimoja. Mgodi umepoteza sehemu ya kumi ya kazi yake. Kiwanda kimepoteza oda yote.

Hesabu hiyo iliwaangukia wafanyakazi wa South Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kampuni ya Bucyrus, iliyounda vijiko vya aina hii, ilihamia mji huo mwaka 1893, na mashine zake za mvuke zilisaidia kuchimba Mfereji wa Panama. Mwaka 2011, bei za madini zikiwa juu, kampuni ya mashine ya Caterpillar iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 8. Haukupita muda bei zikaporomoka, na wenye migodi wakaahirisha ununuzi. Kijiko kikitunzwa huweza kudumu miongo kadhaa: meno yakilika hubadilishwa, ndoo ikipasuka huchomelewa. Fundi wa mgodini akaendelea na kazi. Aliyeiunda ndoo hiyo kiwandani akakosa. Mwaka 2013 watu walipunguzwa kwa mamia. Septemba 2015 Caterpillar ikatangaza kwamba nafasi zaidi ya 10,000 katika kampuni nzima huenda zikafutwa hadi 2018.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu wengi. Haimtaki alipe kiinua mgongo, wala akae na wafanyakazi kutafuta njia nyingine. Umoja wa Ulaya unadai mashauriano kwanza. Tanzania pia, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Mashauriano hayo yana uzito wa pekee katika viwanda hivi. Mashine kubwa namna hii huagizwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa, kwa hiyo mwajiri huona oda zikikauka wakati mchomeleaji bado ana kazi ya kutwa nzima. Huo ndio wakati wa kupunguza saa badala ya watu, na kuwahamishia baadhi yao kwenye vipuri na ukarabati, kazi ambayo migodi huihitaji hata bei zikiwa chini. Notisi ya siku 60 humfikia mfanyakazi uamuzi ukiwa umeshapita, na bei zikipanda tena, kiwanda kinaanza upya kumtafuta mtu wa kuchomelea chuma kinene, kazi inayochukua miaka kuijua.