Mtoto akianguka kisha akanyamaza: somo kutoka santuri za Rachmaninoff

Mzazi, huenda jambo hili umewahi kuliona nyumbani kwako. Mtoto aliyekuwa mcheshi anapata matokeo mabaya ya mtihani, au anashindwa mbele za watu katika jambo alilolitegemea sana. Siku ya kwanza analia. Siku ya pili anajifungia chumbani. Wiki ya tatu bado hasemi, hagusi kile alichokipenda, na familia imeshagawanyika. Baba anasema ni uvivu, shangazi anasema ni kudeka, mama anasema tumwache, atazoea.

Kimya cha namna hiyo kilimkuta kijana mmoja wa Urusi mwaka 1897, akiwa na miaka 23. Kilidumu karibu miaka mitatu. Kazi aliyoiandika alipotoka humo aliirekodi mwenyewe kwenye santuri, na leo unaweza kuisikiliza kwenye simu hiyo hiyo unayosomea makala hii.

Jina lake ni Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1873 na kufariki Marekani mwaka 1943. Aliacha konserto nne za piano, yaani kazi ndefu ambazo mpiga piano mmoja hukaa mbele na okestra nzima hujibizana naye. Aliacha pia vipande vingi vifupi vya piano peke yake. Kwa bahati nzuri aliishi hadi zama za santuri, akarekodi konserto zake zote nne kwa mikono yake.

Nilianza kusikia muziki wake nikiwa chuo, kwenye simu ya mwenzangu wa chumba. Kilichonivuta baadaye, nilipoanza kuandika habari za afya, ni jambo dogo: konserto yake ya pili ameitunukia daktari.

Utoto usio na utulivu

Rachmaninoff hakukulia katika raha. Baba yake alitapanya mali ya familia mpaka mashamba yakauzwa, wakahamia St Petersburg katika makazi ya kubanana. Dada yake, Sofia, alifariki kwa dondakoo, ugonjwa ambao leo watoto wetu wanakingwa nao kwa chanjo. Wazazi wakatengana. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemshika mkono, akawa anampeleka makanisani, na huko mtoto akapenda sauti za kengele kubwa.

Shuleni mambo yaliharibika. Mwaka 1885, akiwa na miaka 12, alifeli masomo yote ya kawaida. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba alikuwa akibadili alama kwenye ripoti ili nyumbani wasijue. Ni wazazi wangapi tunaomjua mtoto huyu?

Mama yake aliomba ushauri kwa ndugu yao, Alexander Siloti, aliyekuwa mpiga piano. Siloti alisema kijana apelekwe Moscow kwa mwalimu Nikolai Zverev, mtu mkali ambaye wanafunzi wake waliishi nyumbani kwake na kuamka alfajiri kufanya mazoezi. Mwaka 1892 kijana yule yule aliyefeli alihitimu akiwa na medali ya dhahabu.

Mwaka huo huo, akiwa na miaka 19, aliandika kipande kifupi kiitwacho Preludi katika C-sharp minor. Kinachukua dakika nne hivi, na ndani yake unasikia zile kengele za utotoni: sauti tatu nzito, kisha kimya, kisha jibu la chini chini. Alikirekodi zaidi ya mara moja, mwaka 1919, 1921 na 1928. Watu walikidai katika kila onyesho mpaka mwenyewe akakichoka.

Usiku uliomnyamazisha

Machi 1897, simfoni yake ya kwanza ilipigwa St Petersburg chini ya uongozi wa Alexander Glazunov. Mazoezi hayakutosha na upigaji ulikuwa mbovu. Mtunzi mwenyewe alijificha kwenye ngazi, asiweze kuvumilia alichokuwa akikisikia. Mhakiki mmoja, César Cui, aliandika gazetini akiifananisha kazi hiyo na mapigo ya Misri.

Rachmaninoff hakuruhusu simfoni hiyo ipigwe tena maisha yake yote. Ilisikika kwa mara ya pili mwaka 1945, yeye akiwa ameshafariki.

Baada ya usiku ule alikaribia kuacha kabisa kutunga. Lakini tazama jambo hili: hakulala kitandani muda wote. Alifundisha piano. Aliongoza okestra katika nyumba ya opera huko Moscow. Aliyemwona kazini angesema mzima. Ndivyo sonona inavyoweza kujificha. Mtoto anaweza kwenda shule kila siku, akavaa sare safi, akaitikia salamu, na ndani akawa amezimika.

Jamaa zake walijaribu walichokijua. Walimpeleka kwa Leo Tolstoy, mwandishi aliyeheshimika Urusi nzima, wakitumaini maneno ya mtu mkubwa yatamtia moyo. Mzee yule hakupendezwa na muziki aliousikia, na kijana akaondoka ameumia zaidi. Nasi tunafanya hivyo mara nyingi. Tunamwita mjomba mwenye cheo aje kumsema mtoto, kisha tunashangaa mtoto anazidi kujikunja.

Daktari aliyezungumza naye

Mwaka 1900 ndugu zake wakabadili njia. Walimpeleka kwa daktari Nikolai Dahl wa Moscow. Kwa miezi kadhaa, karibu kila siku, Rachmaninoff alikwenda kuonana naye. Daktari alimweka katika hali ya utulivu mzito, kama nusu usingizi, na kumrudia maneno yale yale: utaanza kuandika konserto, utafanya kazi kwa wepesi, na konserto itakuwa nzuri.

Dahl alipenda muziki na mwenyewe alikuwa akipiga ala. Wapo wanaoamini kilichomsaidia mgonjwa hasa ni mazungumzo marefu na mtu aliyeelewa anachokipenda. Vyovyote iwavyo, kiangazi cha mwaka ule kalamu ilianza kutembea. Desemba 1900 alipiga sehemu mbili za konserto ya pili mbele ya watu. Novemba 1901 aliipiga nzima mjini Moscow. Aliyeongoza okestra ni Siloti, ndugu yule yule aliyetafutiwa ushauri wakati mtoto alipofeli shule.

Ukurasa wa mbele wa konserto hiyo una jina la Bwana Dahl.

Anza kusikiliza wapi?

Konserto ya pili Rachmaninoff aliirekodi mwaka 1929 na Okestra ya Philadelphia, ikiongozwa na Leopold Stokowski. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika nne hivi, kwa hiyo kazi ya zaidi ya nusu saa ililazimika kugawanywa katika santuri kadhaa. Utasikia mikwaruzo. Ivumilie.

Mwanzoni piano iko peke yake. Inapiga sauti nzito kama kengele ya mbali inayokaribia, kila moja na nguvu kuliko iliyotangulia. Kisha zeze za okestra zinaingia na wimbo wenyewe, na piano inakwenda chini yake kama maji. Wapiga piano wengi huivuta kazi hii polepole, kwa huzuni. Mwenyewe haivuti. Anakwenda mbele, mkono wake ni mwepesi na safi, wala habembelezi kilio. Mimi nilitegemea kusikia mtu anayelia, nikasikia mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Kama mikwaruzo inakukera, tafuta Sviatoslav Richter, aliyeirekodi mwaka 1959 na okestra ya Warsaw. Ukitaka konserto zote nne kwa sauti safi, Vladimir Ashkenazy alizirekodi na London Symphony Orchestra chini ya André Previn mwanzoni mwa miaka ya 1970. Konserto ya tatu, ya mwaka 1909, ni ngumu mno kwa vidole. Rachmaninoff aliirekodi pamoja na ile ya kwanza kati ya mwaka 1939 na 1940, na ya nne mwaka 1941, zote na Okestra ya Philadelphia chini ya Eugene Ormandy.

Kwa watoto wadogo usianze na nusu saa. Anza na vipande vifupi. Mwaka 1941 aliuchukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Tchaikovsky akautengeneza kwa piano, ikawa kazi yake ya mwisho kuandika. Mwaka uliofuata aliirekodi. Ipo pia rekodi fupi ya nyumbani ambamo yeye na mkewe, Natalia, wanapiga polka pamoja, mikono minne kwenye piano moja. Watoto wanaipenda kwa sababu inachezeka.

Tusidanganyane

Muziki si dawa ya sonona. Usimwekee mtoto konserto ukaamini umemtibu. Rachmaninoff mwenyewe alikuwa na muziki kichwani tangu utotoni na bado aliugua. Alipona kwa sababu watu wa nyumbani waliona, wakakiri kwamba nasaha hazitoshi, wakampeleka kwa mtaalamu, na wakampa muda.

Wala hakugeuka kuwa mtu wa kucheka cheka. Alibaki mpole mwenye uso wa huzuni, na baada ya kuondoka Urusi mwaka 1917 na mkewe na mabinti wawili, alitunga kwa nadra. Lakini alifanya kazi, alilea, alicheza polka na mkewe. Kupona ni kurudi katika maisha yako, hata kama huzuni haikuisha yote.

Kwa hiyo, mzazi, angalia dalili hizi zikidumu wiki mbili au zaidi: mtoto kupoteza hamu ya vitu alivyovipenda, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi, kula kidogo mno au kupita kiasi, hasira zisizo na sababu, kushindwa kuwa makini, kujiona hana thamani. Ukiona hivyo, nenda naye kituo cha afya na ueleze wazi kwamba tatizo ni hali ya akili, si malaria. Akizungumzia kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Nyumbani, punguza mahubiri. Muulize swali moja, kisha nyamaza usikilize. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Usimwite mtu wa kumsema, mwite mtu anayekijua kile mtoto anachokipenda, awe fundi, kocha au mwalimu wa kwaya, akae naye bila kumhoji.

Na jioni moja, kazi zikiisha, fungua ile santuri ya mwaka 1929, sehemu ya pili, ile ya polepole. Inachukua dakika kumi na kidogo. Usimwambie mtoto kwamba ni somo. Kaa tu karibu naye mpaka iishe. Akikuuliza aliyepiga ni nani, mwambie ni mtu aliyewahi kufeli masomo yote akiwa na miaka 12.