Barakoa ya Kitenge: Tuitupe au Tuifue?

Tangu Januari mwaka 2022 swali moja limekuwa likizunguka katika mikutano ya chama chetu, na hata baada ya darasa tunaposubiri treni ya kurudi Alexandria: zile barakoa za kitambaa tulizoshonewa na mama na shangazi zetu mwaka 2020, sasa tuzitupe? Sababu ya swali inajulikana. Tarehe 14 Januari CDC, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilibadilisha maelezo yake na kusema wazi kwamba kitambaa kilichofumwa kwa kulegea ndicho chenye kinga ndogo kuliko vyote, na kwamba barakoa za aina ya N95 ndizo zenye kinga kubwa zaidi. Siku tano baadaye serikali ya Rais Biden ikatangaza kugawa bure N95 milioni 400 kupitia maduka ya dawa na vituo vya afya, hadi tatu kwa kila mtu.

Jibu letu ni kwamba nyingine zitupwe na nyingine zifuliwe. Kazi ni kuzitenga.

Tuseme kwanza kwa nini jambo hili linatuhusu hasa sisi. Wengi wetu tunaishi upande wa magharibi wa Alexandria, kwenye majengo ya ghorofa ya huko Seminary Road na Van Dorn, na nyumba zetu hazina vyumba vya ziada vya kumtenga mgonjwa. Bibi analala chumba kimoja na wajukuu. Mmoja nyumbani anafanya kazi uwanja wa ndege, mwingine anatunza wazee wa watu, mwingine anaendesha teksi, na jioni wote wanakula meza moja. Mabasi ya DASH hayatozi nauli tangu Septemba 2021, jambo tunaloshukuru, lakini mwanzoni mwa 2022 barakoa ndani ya basi na treni ilikuwa bado ni amri ya serikali kuu. Sasa piga hesabu: familia ya watu saba, kila mmoja akitumia barakoa moja ya kutupa kwa siku, inamaliza 49 kwa wiki. Boksi la 50 halioni Jumatatu ya pili. Na zile N95 tatu za bure, ulipozivaa kazini kila siku, hazikufika mbali.

Kuna na suala la watoto. Gavana Youngkin alipotoa amri Januari 2022 ya kuwaachia wazazi uamuzi wa barakoa shuleni, bodi ya shule za Alexandria ilikuwa miongoni mwa bodi saba zilizokwenda mahakamani, na tarehe 4 Februari jaji wa Arlington akaisimamisha amri hiyo kwa muda katika wilaya hizo. Lakini Bunge la Virginia likapitisha sheria yake, iliyotiwa saini tarehe 16 Februari, na kufikia tarehe 1 Machi uamuzi ukawa wa mzazi. Kwa hiyo mzazi atakayetaka mtoto wake aendelee kuvaa itambidi ajue mwenyewe ipi inafaa.

Kabla ya kuingia kwenye nyuzi na sabuni, walimu wetu watatusamehe tukipita kidogo kwenye kamusi. Neno barakoa halikuzaliwa na korona. Lina asili ya Kiarabu, na kamusi ya Johnson ya 1939 inalo tayari, kwa maana ya kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa pwani, hasa wa nyumba za Kiarabu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alizieleza barakoa hizo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Miaka mingi neno lilikaa kama kito cha makumbusho, hata 2020 lilipotolewa kabatini na kupewa kazi mpya. Halikuhitaji kuundiwa kamati, tofauti na UVIKO-19, ambalo ni kifupi cha Ugonjwa wa Virusi vya Korona na ambalo wengine wetu bado linatukwaza ulimini. Na ni barakoa hii, barakoa hizi. Tafadhali, "mabarakoa" tuliyaona kwenye insha za muhula uliopita na yametosha.

Turudi kwenye kitambaa. Njia nyepesi ya kuelewa kazi yake ni kukumbuka kifumbu cha kuchujia tui la nazi. Kifumbu kilichosukwa vizuri huzuia machicha. Kilicholegea hupitisha kila kitu na mchuzi ukawa wa kutafuna. Mtu anapoongea, kukohoa au kuimba hutoa matone. Makubwa hunaswa na kitambaa kwa urahisi, ila yale madogo sana yanayoelea hewani hupenya kwenye mianya ya nyuzi. Ndiyo maana kitambaa husaidia zaidi kuzuia cha kwako kisiende kwa mwenzako kuliko kukukinga na cha mwenzako.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliochapisha matokeo yao 2021 walipata kwamba pamba ya tabaka mbili ilizuia hadi asilimia 23 ya chembe ndogo kabisa walizopima, huku KN95 na N95 zikizuia kati ya asilimia 83 na 99. Tofauti ni kubwa, wala hatutaificha ili kupendezesha vitenge vyetu. Kule Bangladesh pia, katika utafiti uliofanywa kwenye vijiji 600, barakoa za hospitali zilionyesha kupunguza maambukizi yenye dalili, ila kwa zile za kitambaa matokeo hayakuwa ya uhakika. Basi ukienda kumwona mgonjwa, au bibi yako ana kisukari na wewe unashinda kwenye chumba kilichojaa watu, vaa N95. Hapo kitenge si mahali pake.

Lakini utafiti ule ule wa Colorado ulikuwa na habari nyingine, ambayo haikupewa nafasi kubwa magazetini. Vitambaa vya pamba vilifuliwa na kukaushwa mara 52, sawa na mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima, na uwezo wake wa kuchuja haukupungua kwa kiasi cha kutajika. Kupumua tu ndiko kulikokuwa kugumu kidogo zaidi. Maana yake, barakoa iliyokuwa nzuri 2020 bado ni nzuri leo, na ile iliyokuwa mbaya haikuharibiwa na sabuni. Ilikuwa mbaya tangu kwa fundi.

Utaijuaje? Iinue mbele ya dirisha mchana, au mbele ya taa. Ukiweza kuona umbo la balbu kupitia kitambaa, hilo ni pambo la shingoni. Kisha ivae na ujaribu kuzima mshumaa ulio karibu na uso wako. Ukizimika kwa pumzi moja, mianya ni mingi. Hesabu tabaka: zisipungue mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2020, lilitaka tatu: ya ndani ya pamba inayonyonya unyevu, ya kati ya polipropilini isiyofumwa, na ya nje isiyoshika maji haraka. Hiyo polipropilini msishangae jina lake. Ni jamaa wa mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Vitenge vyenyewe vinatofautiana kuliko tunavyodhani. Kinachouzwa leo kwa jina la kitenge huenda ni pamba tupu, huenda ni poliesta iliyochapwa maua, na kwa macho vinafanana. Dondoshea tone la maji: pamba italinywa, poliesta italiacha limekaa juu kama umande. Au chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Poliesta nje si kosa, ila ikikaa ndani, kwenye mdomo, utakuwa umejifunika mvuke wako mwenyewe. Kanga ni laini na nyembamba, hivyo ifae tabaka la ndani, na kitenge kizito kikae nje. Ukishona mwenyewe, fua kitambaa kwanza kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na pamba hurudi. Usipofua kwanza, barakoa ya baba itakuwa ya mtoto baada ya wiki.

Na ukikata kanga, angalia jina linaangukia wapi. Mwenzetu mmoja alikatiwa yake kutoka kanga ya "Mwenye wivu ajinyonge," na fundi akamwachia mdomoni neno la mwisho peke yake. Ameivaa Duke Street miezi mitatu kwa amani kamili, kwa kuwa abiria wenzake hawasomi Kiswahili.

Linalosahauliwa zaidi ni kukaa kwake usoni, na kwa maoni yetu hilo lina uzito kuliko hata aina ya kitambaa. Hewa haina ubishi, hupita penye njia. Miwani ikiingia ukungu kila unapopumua, njia iko puani, na dawa yake ni waya mdogo ulioshonewa pindoni. Ule wa kufungia mfuko wa kahawa unatosha. Mashavuni pakiwa na mwanya, fupisha mipira ya masikioni kwa fundo. Wenzetu wanaovaa hijabu au kilemba wanajua taabu ya mipira hiyo, kwani ukivua mtandio kwa ajili ya barakoa umerudi nyuma hatua mbili. Wao wachague za kamba ndefu za kufunga kisogoni juu ya mtandio. Zenye vali ya kutolea pumzi tusizinunue kabisa, maana vali inatoa nje kile tulichotaka kukizuia. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa yoyote.

Kuna kazi moja ambayo kitenge kilichoshonwa vizuri kinaifanya vyema mpaka leo. Februari 2021 CDC ilieleza kwamba barakoa ya kitambaa ikivaliwa juu ya ile nyembamba ya hospitali huibana usoni na kuziba mianya ya pembeni. Hapo ya ndani inachuja na ya nje inashika, na shangazi anaona kazi yake haikwenda bure. Ila usifanye hivyo juu ya N95 au KN95. Hizo zimeundwa zikae peke yake.

Sasa kufua. Tunaomba hapa tusikilizane vizuri, maana nyuma ya barakoa herufi f na v hazitofautiani, na mwalimu mmoja aliposema "fueni barakoa zenu" nusu ya darasa walizivua.

Shirika la Afya Duniani linashauri barakoa ya kitambaa ifuliwe walau mara moja kwa siku, kwa sabuni na maji ya moto, ikiwezekana ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kama bomba lako halitoi maji ya moto hivyo, fua kwa sabuni na maji ya kawaida kisha ichemshe kwenye sufuria dakika moja. Si lazima kulisha mashine ya jengo sarafu kwa ajili ya barakoa nne. Beseni au sinki, kipande cha sabuni, dakika chache kabla ya kulala, basi. Ukipenda kuziweka pamoja na nguo nyingine, zitie kwenye mfuko wa wavu mipira isijisokote kwenye mashati. Dawa ya kung'arisha nguo tuiache kwa mashuka meupe, kwani rangi ya kitenge haiwezi kushindana nayo. Pasi ya moto sana nayo ni hatari kwa yenye polipropilini, itayeyuka.

Kukauka ndiko kunakotushinda majira haya. Dar es Salaam barakoa ikianikwa saa nne, saa sita iko tayari. Alexandria mwezi wa Februari, ukiianika barazani asubuhi utaikuta imekakamaa kama ng'onda. Ianike karibu na bomba la joto, au itie kwenye mashine ya kukaushia, na usiivae kabla haijakauka kabisa. Hata mchana ikiloa kwa pumzi au theluji, ibadilishe. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka alfajiri na kurudi usiku anahitaji mbili kila siku, na nne kwa jumla ili mbili ziwe kwenye maji. Ya akiba ikae kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufuga unyevu, na kioo cha gari si kamba ya kuanikia.

Kwa kawaida mpira hufa kabla ya kitambaa. Ukilegea, fumua ncha zake utie mwingine, ni kazi ya sindano na dakika kumi. Kitambaa chenyewe kikianza kuonyesha balbu ya taa, au kikichanika kwenye pindo la pua, muda wake umefika. Katibu wetu ana kikapu cha hizo zilizostaafu, na ndizo zinazofuta ubao wa darasa letu kila Alhamisi.