Pingili Saba: Uti wa Mgongo wa Mamalia na Istilahi Zake

Pingili, kwa maana yake ya asili, ni sehemu ya muwa au mwanzi iliyo baina ya fundo na fundo. Neno hilo ndilo linalotumiwa kuutaja kila mfupa mmoja wa uti wa mgongo. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba istilahi hiyo imebeba elimu kubwa ya maumbile, na kwamba kulegea kwa istilahi jirani yake kuna madhara.

Mboghoni, katika eneo la Taveta, haiko mbali na Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi. Mkaazi wa huko anawajua twiga wa mbugani, tembo wanaovamia mashamba na panya wa ghalani. Shingo za wanyama hao hazifanani hata kidogo, lakini kila mmoja ana pingili 7 za shingo, sawa na binadamu. Pingili moja ya twiga huweza kuzidi sentimita 25, ilhali za tembo ni fupi na zimebanana. Kilichobadilika katika mageuko ni urefu. Hesabu imebaki ile ile.

Chanzo chake kimo tumboni mwa mama. Kiinitete kingali kichanga, tishu za mgongoni hugawanyika vipande, jozi baada ya jozi, kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani. Kwa binadamu, kazi hiyo huanza katika juma la tatu. Kisha jeni ziitwazo Hox huamua kipande kipi kitakuwa cha shingo, kipi cha kifua chenye mbavu, na kipi cha kiuno. Jeni hizo huongoza pia ujenzi wa viungo vingine. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hushikilia kwamba kuivuruga hesabu ya shingo huandamana na kasoro nyingine mwilini. Wachache tu wamekiuka kanuni hii: nguva wa Bahari ya Hindi ana pingili 7, lakini jamaa yake wa Atlantiki, manati, ana 6.

Kiunoni uhuru ni mkubwa zaidi. Mamalia wengi wana pingili 5 hadi 7 za kiuno. Kirukanjia wa misitu ya Kongo na Uganda aitwaye Scutisorex somereni, aliyeelezwa kisayansi mwaka wa 1910, ana zaidi ya 9, nazo zimeshikana kwa meno mengi ya mfupa.

Tatizo limo katika istilahi 'uti wa mgongo', ambayo aghalabu hutumiwa kwa mifupa na pia kwa neva kuu ipitayo ndani yake. Mzazi aambiwapo kuwa mwanawe ana homa ya uti wa mgongo, huenda akadhani mifupa ndiyo inayougua, kumbe ni utando unaoufunika ubongo na neva hiyo. Mwanaisimu anayezitenganisha maana hizi humsaidia mgonjwa kabla ya daktari kufika.