Bluzi Iliyovuka Mtaa: Albamu za Paul Butterfield

Nyuma ya jalada la santuri moja iliyotoka Marekani Oktoba 1965, kampuni iliyoichapa iliweka ombi kwa mnunuzi: aipige kwa sauti ya juu kabisa, la sivyo hataufaidi muziki uliomo. Kampuni hiyo ni Elektra, iliyokuwa imejijengea jina kwa nyimbo za kiasili, yaani mwimbaji mmoja, gitaa kavu na chumba kimya. Sasa ilikuwa inauza kundi la watu sita wenye amplifaya. Jina la kundi na la albamu ni lile lile, The Paul Butterfield Blues Band. Vitabu vya muziki hulitaja kama kinara wa ufufuo wa bluzi ya umeme. Neno hilo, ufufuo, ndilo linalonikera, na ndilo lililonikalisha kuandika makala haya.

Anayefufuliwa sharti awe amekufa kwanza. Mwaka 1965 bluzi ya umeme ilikuwa hai, ikitoka jasho kila usiku upande wa kusini wa jiji la Chicago. Tangu enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia hadi miaka ya 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama majimbo ya kusini. Wengi wa wale waliotoka Mississippi walipanda treni ya Illinois Central, na treni hiyo iliwashusha Chicago. Mwimbaji na mpiga gitaa Muddy Waters aliwasili mwaka 1943. Kijijini kwao gitaa kavu lilitosha, kwa kuwa usiku barazani hakuna kelele. Lakini kwenye baa ya wafanyakazi wa machinjio na viwanda vya chuma, glasi zinagongana na watu wanapiga soga, na gitaa kavu halisikiki hata meza ya pili. Hapo ndipo waya zilipoingia. Umeme haukuletwa kama mapambo. Ulikuwa hitaji la kazi.

Waliokuwa hawausikii muziki huo ni vijana weupe waliokaa maili chache tu kutoka hapo. Wachache kati yao walivuka mtaa. Paul Butterfield, aliyezaliwa Chicago Desemba 1942, alikulia Hyde Park, kitongoji cha Chuo Kikuu cha Chicago kilichozungukwa na makazi ya watu weusi. Baba yake alikuwa mwanasheria, na yeye mwenyewe alijifunza filimbi ya muziki wa kiklasiki. Chuoni hapo alikutana na mpiga gitaa Elvin Bishop, kijana wa Oklahoma aliyekuja kusoma fizikia. Fizikia haikumaliza safari. Wawili hao wakawa wateja wa kudumu wa baa walizopiga Muddy Waters, Howlin' Wolf na Otis Rush, kwanza kama wasikilizaji, baadaye wakiitwa jukwaani. Muddy alimkaribisha Butterfield kama fundi anavyomkaribisha mwanagenzi: panda, piga, tukusikie.

Mwaka 1963 walipopata kazi ya kudumu kwenye baa ya Big John's, upande wa kaskazini wa jiji, Butterfield alifanya uamuzi ambao kwangu ndio siri ya albamu zake zote. Hakutafuta wapigaji wa kuigiza mapigo ya Chicago. Alikwenda kwa Howlin' Wolf na kuwachukua wenye mapigo hayo: Jerome Arnold wa besi na Sam Lay wa dramu. Sam Lay alikuwa na pigo lake la pekee, la mirindimo miwili inayofuatana, alilolitoa kwenye matari na makofi ya kanisani. Msikilize katika wimbo wowote wa albamu ya kwanza. Kiti ulichokalia kitaanza kutikisika. Wakati huo kundi lenye weusi na weupe pamoja lilikuwa jambo la nadra, na kwenye miji mingine lilikuwa la hatari.

Sasa chombo chenyewe alichopiga Butterfield. Hamonika, au kinanda cha mdomo, ni kitu cha kutia mfukoni: matundu 10, ukipuliza unapata noti hizi, ukivuta pumzi unapata zile. Wajerumani waliitengeneza kwa ajili ya nyimbo nyepesi za kwao. Wapiga bluzi waliigeuza kwa hila moja. Badala ya kupigia wimbo wa C kwenye hamonika ya C, wao huipigia wimbo wa G. Kwa njia hiyo noti muhimu za wimbo huangukia kwenye pumzi ya kuvuta, na noti ya kuvuta inaweza kupindwa: mpigaji hubadili umbo la kinywa na ulimi, sauti ikashuka kidogo kidogo mpaka ikawa kilio. Mpiga hamonika Little Walter akaongeza la pili. Aliibana maikrofoni pamoja na hamonika ndani ya viganja vyake, akapitisha sauti kwenye amplifaya, na mwaka 1952 wimbo wake wa ala tupu, Juke, ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Butterfield alitoka katika shule hiyo. Alikuwa mtu wa shoto, akiishika hamonika juu chini, noti za besi zikiwa kulia kwake. Sauti yake ni nene, haina papara. Anapiga noti moja moja kama mpiga tarumbeta, na hapendi kujaza nafasi.

Kuinasa sauti hiyo studioni kulikuwa kazi. Mtayarishaji wa Elektra, Paul Rothchild, alirekodi albamu nzima, akaisikiliza, akaikataa. Akalirekodi kundi likipiga mbele ya watu katika ukumbi wa Cafe Au Go Go, New York; nayo akaikataa. Iliyotoka Oktoba 1965 ni ya jaribio la tatu. Rekodi za kwanza zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995, na nikizilinganisha naona Rothchild alikuwa na haki. Zile za mwanzo ni nzuri, lakini zina haraka ya vijana wanaotaka kuthibitisha kitu. Kabla ya jaribio hilo la tatu alikuwa ameingia Mike Bloomfield, mpiga gitaa mwingine wa Chicago, na mwishoni kabisa akaingia Mark Naftalin wa ogani. Albamu inaanza kwa Born in Chicago, utunzi wa rafiki yao Nick Gravenites, halafu inapita kwenye nyimbo za Elmore James, Little Walter na Junior Parker. Sam Lay mwenyewe anaimba I Got My Mojo Working. Katika chati ya Billboard haikupita nafasi ya 123. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu idadi ya vijana walionunua amplifaya baada ya kuisikia.

Miezi mitatu kabla albamu hiyo haijatoka, Bloomfield, Arnold na Lay walikuwa nyuma ya Bob Dylan kwenye tamasha la Newport, Julai 1965, alipopiga kwa umeme na baadhi ya watu wakamzomea. Habari hiyo imesimuliwa mno, naiacha hapo.

Albamu ya pili, East-West, ilitoka Agosti 1966, baada ya kurekodiwa kwenye studio za Chess, nyumbani kwa santuri za Muddy na Wolf. Sam Lay alikuwa ameugua na nafasi yake kushikwa na Billy Davenport, mtu wa jazi, na badiliko hilo moja liliifungua milango yote. Upande wa kwanza kuna Work Song ya Nat Adderley, ambamo kila mpigaji anapewa zamu yake kama ilivyo desturi ya jazi. Upande wa pili unafungwa na wimbo wenye jina la albamu, dakika 13 za ala tupu.

Bluzi ya kawaida ina mzunguko: mapigo 48, sauti ya msingi inahama mara kadhaa mahali panapojulikana, kisha inarudi nyumbani. East-West imeuvunja mzunguko huo. Besi inang'ang'ania makao yake yale yale huku magitaa yakizunguka juu yake, yakihama kutoka ngazi moja ya noti hadi nyingine. Bloomfield alikuwa amezama katika muziki wa Kihindi wa Ravi Shankar na jazi ya John Coltrane. Aliyelelewa na taarabu ya Unguja hatapotea humu. Anajua taksimu, pale mpiga udi anapozunguka ndani ya maqamu moja bila kukimbizwa na mtu, na ladha inatokana na namna anavyochelewa kufika. Bishop huanza, Bloomfield hupokea. Mara tatu au nne joto hupanda mpaka unadhani litapasuka, kisha hulegezwa na safari ikaanza upya kwa rangi nyingine. Jukwaani waliurefusha: kuna rekodi ya mwaka 1967 inayokaribia dakika 28. Makundi ya San Francisco, yaliyowasikia kwenye ukumbi wa Fillmore, yalijifunza hapo kwamba wimbo unaweza kuachwa utembee.

Bloomfield aliondoka mwaka 1967. Albamu ya tatu, The Resurrection of Pigboy Crabshaw, imepewa jina la utani la Bishop, aliyebaki na gitaa peke yake, na ina tarumbeta na saksafoni, mojawapo ikiwa ya David Sanborn, kijana ambaye hakuwa na jina bado. Ilipanda chati kuliko zilizotangulia. Naiheshimu, lakini siirudii mara nyingi. Zilizofuata hadi 1971 zina nyimbo nzuri hapa na pale, na kundi lililokwisha kuwa jingine.

Swali la haki lipo, na wapenzi wa kundi hili wasilikwepe. Vijana weupe waliukubali kwa Butterfield muziki ambao hawakuununua kwa Muddy Waters, na fedha zilifuata sura. Ninachoweza kusema ni kwamba wanagenzi hawa hawakuficha majina ya mafundi wao. Walimsukuma Bill Graham, mwenye Fillmore, awalete wazee; B.B. King alipopanda jukwaa hilo mwaka 1967, ukumbi wa vijana weupe ulisimama kabla hajapiga noti, naye akalia.

Aprili 1969 Butterfield na Bloomfield walirekodi na Muddy huko Chicago. Kwenye piano alikaa Otis Spann, kwenye dramu akarudi Sam Lay. Albamu iliyotokana, ya santuri mbili, iliitwa Fathers and Sons, na ilifika nafasi ya 70 ya Billboard, juu kuliko albamu nyingine yoyote ya Muddy Waters. Bloomfield alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 37, Butterfield mwaka 1987 akiwa na 44, wote kwa dawa za kulevya. Katika albamu hiyo wote wawili wanapiga kwa adabu: mzee anaimba, hamonika inangoja amalize mstari, ndipo inajibu.