Askofu Aliyeandika kwa Kidole Kimoja

Mwaka 1875 Kanisa la Kiepiskopali la Marekani lilimchagua Samuel Isaac Joseph Schereschewsky awe askofu wake Shanghai. Akakataa. Yeye alijiona mfasiri, si mtu wa kuendesha dayosisi. Walipomwandama tena alikubali shingo upande, akawekwa wakfu New York mwaka 1877.

Alizaliwa mwaka 1831 Tauragė, Lithuania, katika himaya ya Urusi, mtoto wa Kiyahudi. Alibaki yatima angali mdogo, akalelewa na kaka yake wa kambo, na ilitarajiwa awe rabi. Lakini akiwa mwanafunzi huko Zhitomir, iliangukia mikononi mwake nakala ya Agano Jipya kwa Kiebrania. Mwaka 1854 alihamia Marekani, akabatizwa, akaanza seminari kwa Wapresbiteri na kuhamia kwa Waepiskopali. Mwaka 1859 akapanda meli kwenda China pamoja na Askofu William Boone, na humo humo melini akaanza kujifunza Kichina.

Elimu ya utotoni ilimfaa Beijing. Wamisionari walifasiri Agano Jipya kwa Kimandarini wakiwa kamati. La Kale alibebeshwa yeye peke yake, kwa kuwa Kiebrania hakukijulia seminarini kama wenzake. Lilichapishwa katikati ya miaka ya 1870. Akiwa askofu alianzisha Chuo cha St. John's, Shanghai, mwaka 1879.

Kiangazi cha 1881, huko Wuchang, jua kali lilimwangusha. Akapooza, hata ulimi ukawa mzito. Alipelekwa Geneva kutibiwa, na mwaka 1883 akajiuzulu. Wengi wangesema kazi imekwisha. Mimi naona ndipo ilipoanza: cheo ambacho tangu mwanzo hakukitaka kilikuwa kimemtoka mabegani, na akili ilikuwa nzima.

Akiwa Cambridge, Massachusetts, alianza kufasiri Biblia upya kwa Kichina chepesi cha maandishi, ambacho msomi wa mkoa wowote angekielewa. Brashi haikushikika tena. Alikaa kwenye kiti akibonyeza taipureta kwa kidole kimoja, baadaye viwili, Kichina chote kwa herufi za Kirumi, kurasa zipatazo 2,000. Mkewe, Susan, ndiye aliyemtunza miaka yote hiyo.

Mwaka 1895 alirudi Shanghai, kisha akahamia Tokyo kusimamia uchapaji. Watu wakaiita Biblia ya Vidole Viwili, jina tamu, ila linawameza makarani wa Kichina na Kijapani waliokaa na karatasi zile na kuzigeuza, neno baada ya neno, kuwa maandishi ya Kichina. Bila wao mchapaji asingekuwa na la kuchapa.

Biblia hiyo ilitoka mwaka 1902. Schereschewsky alifariki Tokyo Oktoba 1906, akazikwa katika makaburi ya Aoyama. Chuo cha St. John's kilifungwa mwaka 1952. Majengo yake leo yanatumiwa na chuo kikuu cha sheria.